Redio Itoke Nje (Sehemu ya Saba)

"Redio itoke nje!"

Tuliachana hapo, msomaji wangu, kidole cha Bi. Elinipa, mwenyekiti wa Jopo la Maadili, kikiwa kimeelekea mlangoni. Askari Pastory alikuwa ameshamshika mkono Rozalia, mtangazaji wa Redio Mwalo, na kinasa sauti chake kilikuwa kinaning'inia kama samaki aliyenaswa. Mbele ya meza ya jopo alisimama Leonia, mkimbizi kutoka Burundi, mkono wake wa kuume ukiwa bado juu kwa kiapo.

Leonia akaushusha mkono.

"Redio ikitoka," alisema, "na mimi natoka."

Ukumbi ukaguna. Watu wa Ujiji wameona mengi, lakini mkimbizi kumwekea mkubwa sharti hawajaliona.

"Mama, shahidi haweki masharti," Bi. Elinipa alisema. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kanuni tu, ametumwa kutoka mbali, na kanuni amekuja nayo. "Shauri hili ni la wazi. Milango iko wazi, madirisha yako wazi. Anayetaka kusikia na aje. Ila vipaza sauti vya redio ndani ya ukumbi huu, hapana."

"Anayetaka kusikia na aje?" Leonia aliuliza. "Mabukwe wangu atakujaje? Mama mkwe wangu yuko kambini. Akitoka getini bila kibali anakamatwa. Mimi mwenyewe mmenileta kwa gari la polisi kama mwizi wa mbuzi."

Watu wakacheka. Leonia hakucheka.

Msomaji uliyetushika leo, shika na hili. Bwana Edson, mkuu wa operesheni ya kupokea wakimbizi, alikabidhiwa boti ya serikali ibebe wagonjwa kutoka mwalo wa Kanyoza, kaskazini huko ambako barabara haifiki. Kipindupindu kilikuwa kinavuna watu ufukweni. Jumamosi moja wagonjwa wakangoja, boti isije. Minong'ono ikasema boti ilikuwa inabeba harusi ya mwanawe. Bwana Edson akasema uongo mtupu, boti siku hiyo ilikuwa mbovu, imefungwa gatini. Waalikwa walioitwa na jopo wote walisema walikwenda harusini kwa mitumbwi. Pilau ya mkubwa ina dawa ya kusahaulisha.

Amebaki Leonia peke yake. Jumamosi ile mwanawe wa kiume aliishia ziwani, na huko kambini mabukwe wake ameambiwa kwamba Leonia alimpeleka majini kwa makusudi, amechoka kubeba mgonjwa. Bibi yule akamchukua Spesi, binti aliyebaki, akamfungia mama yake mlango. Hata bombani wanawake humpisha Leonia achote peke yake, kama mwenye ukoma.

"Nampa shahidi nafasi ya kunywa maji," alisema Bi. Elinipa. "Asiporudi, nafunga shauri."

Bwana Edson akavua miwani yake, akaifuta kwa leso taratibu, akatabasamu kuelekea dirishani.

* * *

Uani jua lilikuwa linachoma. Leonia hakunywa maji.

"Uliniahidi," alimwambia Rozalia.

"Niliahidi, mama Spesi. Sikujua watatukataza."

"Unajua nilivyomwomba mabukwe asikilize? Nilimpigia magoti mbele ya watoto. Akaniambia, wewe sikusikilizi, nitawasikiliza wakubwa wakikuuliza. Wakubwa wakikuamini, njoo umchukue mwanao. Sasa hivi amekaa mlangoni pa nyumba ya turubai, na redio mapajani. Atasikiliza nini? Matangazo ya sabuni?"

Rozalia akakigeuzageuza kinasa sauti mkononi.

"Halo, halo! Moja, mbili!" Sauti ikanguruma juu ya vichwa vyao.

Alikuwa Hamdani, mkodishaji wa spika za harusi na misiba pale Ujiji. Amefunga spika mbili kubwa juu ya nguzo ya ua, waya umepita dirishani mpaka mezani kwa jopo.

"Roza!" aliita akicheka. "Umetolewa kama kuku jikoni!"

"Niache, Hamdani."

"Mimi hanitoi mtu. Jopo lenyewe limenileta. Wananchi waliokosa viti wasikie wakiwa hapa nje. Spika hizi zimesema uongo katika harusi zote za Ujiji. Mara bibi harusi mrembo, mara bwana harusi mpole. Leo zipumzike, ziseme kweli mara moja."

Rozalia akaitazama spika. Akaitazama simu yake ya mkononi. Akaitazama spika tena.

"Afande Pastory," aliita. "Agizo la mwenyekiti linasemaje?"

"Redio isiwemo ukumbini."

"Na uani?"

Pastory akakuna kidevu. Alikuwa Muha wa Kidahwe, mtu wa pole pole, na dada yake alikuwa muuguzi aliyezika watu Kanyoza. "Mimi nimepewa mlango," alisema. "Ua sijapewa."

Leonia alikuwa ameshaelewa. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni. "Dada, simu itafika mpaka kambini?"

"Simu itafika studio. Studio itafika kambini."

"Basi narudi kuapa."

* * *

Simu iliita mara nyingi kabla Nassib hajapokea. Huyu Nassib ndiye mkuu wa Redio Mwalo, ndiye fundi wake, na ndiye sauti yake ya asubuhi. Mtoto wa Ujiji, mcheshi, hakuna sherehe mwambao mzima asiyoijua. Rozalia alimwita kaka, kwa kuwa ndiye aliyemtoa kwenye kuanika dagaa akamfundisha kusema na watu asiowaona.

"Kaka, ukumbini tumekataliwa. Lakini uani kuna spika za Hamdani. Niunganishe hewani, nitaishika simu kwenye spika."

Kwenye simu kikasikika kiti kikisogezwa.

"Kaka Nassib?"

"Huyo mama," Nassib alisema, "atasema nini hasa?"

"Atasema yaliyompata Kanyoza."

"Roza, mwenyekiti amekataza. Tuache. Nitasoma muhtasari jioni, mzuri, umetulia."

"Muhtasari? Wiki nzima umewatangazia watu watasikia wenyewe! Kambini wamenunua betri, kaka. Watu wanaokula mahindi bila mboga wamenunua betri."

"Wewe mtoto una ulimi."

"Uliunoa mwenyewe."

Alimsikia akipumua. Kisha sauti ya hewani ikaja, ile tamu ya kila siku, lakini leo imekwaruza kidogo. "Wasikilizaji wa Redio Mwalo, mnaungana nasi kutoka Ujiji..."

Hapo balaa la kwanza likazuka. Uani kila mtu alikuja na redio yake ndogo. Sauti ikatoka kwenye spika, ikaingia kwenye simu, ikatokea kwenye redio, ikarudi kwenye simu. Zikaanza kulia zote pamoja kama paka waliobanwa mkia.

"Zimeni!" Rozalia alipiga kelele. "Zimeni redio, tutakosa yote!"

"Tuzime redio ili tusikie redio?" mzee mmoja alihoji. "Mambo ya shule haya."

Wakazima. Ikabaki moja tu, ng'ambo ya barabara, kibandani kwa Skolastika muuza chai. Rozalia akamwonyesha kwa ishara: wewe sikiliza, kukiwa na tatizo niambie. Skolastika akainua kikombe. Redio yake ilikuwa inatoa sauti ya Bi. Elinipa, safi kabisa.

Walikuwa hewani.

* * *

"Ninaapa," spika ilisema kwa sauti ya Leonia. Rozalia alipanda juu ya kreti la soda, akainyoosha simu mpaka bega likauma.

"Jumamosi ile ulikuwa wapi?"

"Kanyoza, ufukweni. Na mwanangu mgonjwa."

"Ikawaje?"

"Niliingia majini naye, mgongoni. Maji yakanifika kifuani."

Hata Hamdani aliacha kutafuna mua.

"Ukatoka majini na mtoto?"

"Hapana. Nilitoka peke yangu."

"Sema tena, jopo lisikie."

"Niliingia na mwanangu. Nikatoka peke yangu. Mbeleko ilikuwa tupu."

Mama mmoja akaanza kulia. Rozalia alihesabu kimoyomoyo, siyo kwa namba, kwa hofu tu. Sema sababu, mama Spesi. Sema upesi.

"Kwa nini uliingia majini na mtoto mgonjwa?" Bi. Elinipa aliuliza.

"Kwa sababu boti ilikuja. Boti ya harusi. Ilikuwa na kipaza sauti..."

"Roza!"

Alikuwa Skolastika, amesimama barabarani, mikono kichwani.

"Roza! Wameweka taarabu!"

Rozalia aligeuka. Ng'ambo ya barabara, badala ya Leonia, mwanamke mwingine alikuwa anaimba juu ya wivu, na vinanda nyuma yake vinabembeleza.

Mtandao, aliwaza. Mtandao umekata. Akaitazama simu. Haikuwa imekatika. Mstari ulikuwa wazi, na upande wa pili mtu alikuwa anapumua.

"Kaka, tumetoka hewani! Turudishe!"

Na spika juu ya kichwa chake ikaendelea kuwaambia watu wa uani peke yao yale ambayo kambi nzima ilipaswa kuyasikia.

"Tuliiona boti ile ile ya kubebea wagonjwa," Leonia alisema. "Tukasema, Imana, Mungu wetu, ametukumbuka. Tukavua vitenge tukapunga. Tukapunga sana. Boti ikageuka, ikaja kwetu."

Uani wazee wakatazamana. Walishajua. Watu wa mwambao wote walishajua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Huku kwetu chombo cha harusi kikipita, walioko nchi kavu hupunga vitenge na kupiga vigelegele. Nacho chombo husogea, huzunguka mara tatu mbele yao kwa ngoma, kisha huenda zake. Ndiyo heshima. Asiyezunguka huambiwa ana majivuno.

"Mimi natoka milimani," Leonia alisema. "Desturi yenu sikuijua. Niliona boti inakuja, nikasema kwamba atakayefika mbele ndiye atakayepandishwa. Nikamfunga mwanangu vizuri, nikaingia majini. Boti ikazunguka. Ngoma zinalia. Nikapiga kelele, nao wakapiga vigelegele. Ikazunguka tena. Ya tatu ilipita karibu sana, wimbi lake likanifunika. Nilipoinuka mbeleko ilikuwa imefunguka. Mawe, mama yangu! Nikatafuta kwa mikono. Nikatafuta kwa miguu."

Uani mzee mmoja akavua kofia yake.

"Na kule kwenye boti mtu mwenye kipaza sauti akasema, 'Asanteni sana, wenyeji wa Kanyoza, kwa kutushangilia. Mungu awape na nyinyi furaha kama hii.' Wakaenda."

Bwana Edson aliinuka ukumbini, viti vikakwaruza. "Mheshimiwa, hii ni hadithi ya kusikitisha, lakini ni hadithi! Boti yangu ilikuwa gatini. Huyu mama alimwona nani humo ndani? Ataje sura moja!"

"Sura sikuona," Leonia alisema. "Sauti ninaijua. Kila asubuhi inatuamsha kambini. Ni ya yule bwana wa Redio Mwalo."

Wingi wa macho uliomgeukia Rozalia ulimfanya ashuke kwenye kreti.

* * *

Alikwenda mpaka nyuma ya ukuta, simu sikioni.

"Kaka, ni kweli?"

"Nilidhani wanashangilia," Nassib alisema. Sauti tamu ilikuwa imekwisha yote. "Wallahi, Roza. Walikuwa wanapunga. Ningejuaje? Mimi ndiye niliyemwambia nahodha, wale pale wanatupungia, tusiwapite kama hatuna adabu. Ni mimi niliyemwambia azunguke."

Rozalia akaegemea ukuta. Ukuta ulikuwa wa moto, hakuusikia.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu yake. Walipoleta habari za mama aliyepoteza mtoto."

"Na ukasoma habari ile. Nakumbuka. Ulisoma mwenyewe."

"Nikasoma."

"Kwa sauti ile ile."

"Sina nyingine, Roza!"

"Rudisha mstari."

"Siwezi."

"Kaka, nisikilize. Unajua umekata wapi? Kambini wamemsikia anasema aliingia majini na mtoto akatoka peke yake. Kwa kinywa chake. Baada ya hapo wamesikia taarabu. Umemkata pale pale!"

Rozalia alijua kwamba Nassib hakuwa amelifikiria hilo. Mtu anayezima moto wa nguo zake haangalii maji yanamwagikia nani.

"Rudisha mstari, useme ulikuwemo. Maneno mawili tu, kaka. 'Nilikuwemo. Tulizunguka.' Edson amekwisha, na yule mama anapata mwanawe."

"Na mimi? Bwana Edson ndiye aliyetusimamia tukapata kiwanja cha mnara. Akianguka naanguka. Kituo kitafungwa. Wewe utarudi kuanika dagaa. Unataka?"

"Dagaa hawana siri."

"Usinifundishe utu, mtoto wa juzi!"

"Basi nifundishe wewe. Si ulisema redio ni mdomo wa asiye na mdomo? Ulisema hewani. Nilikuwa mjinga, nikaamini."

Kutoka uani spika ilisikika, Bi. Elinipa akisoma uamuzi wake kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Sauti peke yake haitoshi. Jopo litakaa hapa mpaka jua litue. Akitokea mtu yeyote aliyekuwa ndani ya boti hiyo akathibitisha kwamba ilifika Kanyoza, tutamsikiliza. Asipotokea, mtuhumiwa hana kesi ya kujibu."

"Umesikia?" Rozalia aliuliza.

"Nimesikia."

"Kutoka studio mpaka hapa ni mwendo mfupi, kaka Nassib. Hata kwa mguu unafika."

"Nina watoto, Roza."

"Na yeye alikuwa nao wawili."

Simu ikakatika. Safari hii ilikatika kweli.

* * *

Aliporudi uani watu walimpisha. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Hamdani mwenyewe, mtu wa maneno, alikuwa anazungusha waya mkononi bila sababu. Rozalia alikumbuka kwamba spika za harusi ile nazo lazima zilitoka kwa mtu, na mwambao mzima mkodishaji wa spika ni mmoja.

"Na wewe, Hamdani?"

"Usiniulize hapa," Hamdani alisema bila kuinua macho.

"Spika zako zilikuwemo botini."

"Spika zilikuwemo. Mimi..." Akameza mate. "Roza, nilikula pilau. Nimeshamwambia mwenyekiti juzi kwamba nilikwenda kwa mtumbwi. Nimeapa. Naanzaje?"

Kabla hajajibiwa, mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Leonia alitoka.

Msomaji, ungemwona usingemjua. Yule mama aliyeingia amejikunja kama aliyebeba kuni alikuwa ametoka amenyooka. Machozi yalikuwa bado mashavuni, na chini yake palikuwa na tabasamu. Alikuja moja kwa moja kwa Rozalia akamshika mikono yote miwili.

"Nimesema," alisema. "Yote. Sikusahau kitu. Umenisikia nilivyosema juu ya wimbi?"

"Nimekusikia, mama Spesi."

"Na yule mama mwenyekiti alitikisa kichwa hivi. Ameniamini, dada. Mkubwa ameniamini, na watu wote wamesikia. Mabukwe amesikia!"

Rozalia alifungua kinywa. Ng'ambo ya barabara Skolastika aliwahi kuifunika redio kwa kanga, taarabu ikabaki inanung'unika humo ndani kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Mama Spesi, kuna jambo..."

Simu ikaita.

Namba haikuwa ya studio. Leonia aliichungulia, na uso wake wote ukafunguka.

"Hiyo ni ya Gervasi! Jirani yetu kule kambini! Mabukwe huazima simu yake!" Alicheka, cheko fupi la msichana. "Nilimpa namba yako. Nilimwambia, ukishasikia, unipigie. Nipe, dada!"

"Ngoja kwanza. Ngoja nikwambie."

"Utaniambia baadaye, ataikata!"

Rozalia aliibana simu kifuani. Angeweza kuizima. Angeweza kuiangusha chini na kuikanyaga. Angeweza kusema maneno mawili tu, wamekata, hawakusikia, na hakuyasema. Watu uani wakatazama pembeni. Hamdani akamgeuzia mgongo.

Leonia alimpokonya kwa upole, kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Akaipangusa simu kwa pembe ya kitenge chake. Akaiweka sikioni.

"Mabukwe?" alisema, kwa sauti ya furaha ambayo Rozalia hakuwahi kuisikia kwake. "Umesikia?"